Kofia, Sikio, Mkanda

Jumanne, 2 Januari

Wametuacha! Hapana. Nianze upya, kwa utaratibu unaomstahili mwanafunzi wa mwaka wa nne wa Sheria. Hawakutuacha. Walitutazama, wakatupima, wakapita — na kupitwa ni kubaya kuliko kuachwa.

Leo ilikuwa siku ya kugawana mirathi ya wafu. Sina jina jingine. Kila Januari, timu mbili za mkiani za ligi yetu ya besiboli zikishaaga msimu, nne zilizobaki huketi mezani na kuchagua wachezaji wa marehemu hao, mmoja baada ya mwingine, ili kujiimarisha kwa Duru ya Wanne. Wanawaita nyongeza. Kaka yangu Leuris ni wa Nyuki, na Nyuki wamezikwa tangu kabla ya Krismasi. Lakini ni Nyuki wa juzi! Miaka minane kabla ya hapo alichuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani akiwadakia Majogoo wa Kusini — timu yetu, dini yetu, ugonjwa wetu — mpaka magoti yake yakaanza kulia kama bawaba za mlango wa kanisa. Ndipo Oktoba wakambadilisha na mrushaji wa mkono wa kushoto wa Nyuki. Mrushaji huyo sasa ana bega bovu. Historia nayo ina dhihaka zake.

Baba alikuwa na hakika Majogoo watamrudisha. Aliitoa sandukuni jezi ya zamani ya Leuris, akaipiga pasi mwenyewe, akaitundika mlangoni. Tukakaa kibarazani, redio katikati, Mama na sinia la mihogo ya kukaanga. Chaguo la kwanza la Majogoo: Mmarekani ambaye jina lake mtangazaji alilitafuna bila kufanikiwa kulimeza. La pili: mrushaji. La tatu: mrushaji tena! Kisha ikaja zamu ya Mapapa wa Mji Mkuu — Mapapa! — na sauti ikasema: "Leuris Peguero, mdakaji."

Baba alinyoosha mkono akaizima redio polepole, kama mtu anayefumba macho ya maiti.

Leuris akacheka. "Haya, Mzee, mwanao amepata kazi. Hakuna hata pongezi?"

"Katika nyumba hii," alisema Baba, "papa huliwa, havaliwi." Akaingia ndani.

Jikoni, baadaye, Leuris aliniambia lililo chini ya kicheko. Mapapa wakifika fainali watampa mkataba: msimu mmoja wa kucheza, kisha kazi ya kuwafundisha wadakaji chipukizi. Wasipofika, hakuna kitu. Ana miaka thelathini na mitatu. Mkewe Yokasta atajifungua Machi. "Ni hilo, Wakili," alisema, kwa maana wote hapa wananiita Wakili, na si kwa heshima. "Ni hilo au kolmado, kiduka cha shemeji, nipime mchele kwa kikombe mpaka nife."

Kwa hiyo mwezi huu wote nitaombea nini? Sijui. Nami siombi!

Jumatano, 3 Januari

Mama ameifua jezi ya bluu ya Mapapa. Ameianika uani nyuma ya shuka mbili, ndani nje, kama mtu anayeficha mimba. Haikusaidia. Jirani Doña Milagros amepaza sauti kutoka dirishani kwake: "Jamani, mbona shuka zenu zina meno?"

Baba hajasema na Leuris tangu jana. Anapita. Anasalimia kiti kilicho karibu naye.

Ijumaa, 5 Januari

Tumefungwa na Manowari wa Mashariki, sita kwa mbili, nyumbani kwetu. Sitaandika habari za Mmarekani. Alipunga gongo kama mtu anayefukuza nyigu.

Nitaandika habari za sadaka.

Nani aliyebuni mguso wa sadaka? Nionyesheni kaburi lake nikahutubie juu yake! Mpigaji anashika gongo kwa upole, anaugusa tu mpira ujiviringishe majanini, yeye mwenyewe anatolewa bila kupigana, ili mwenzake asogee besi moja. Besi moja! Na nani hutolewa sadaka? Je, ni yule nyota mwenye cheni shingoni? La hasha! Ni Yeison, kijana mfupi wa mwisho kwenye orodha, ambaye tangu Novemba hajaruhusiwa kupiga mpira kwa nguvu zake zote hata mara moja. Hiyo ndiyo falsafa nzima ya Don Fabio, kocha wetu: mnyonge afe ili mwenye nguvu atembee. Huo si mchezo. Huo ni mfumo.

Mara tatu leo aliitoa ile ishara yake. Kofia, sikio, mkanda. Haijabadilika tangu nivae sare ya shule ya msingi. Kofia maana yake "nitazameni". Sikio, kisha mkanda: "mguso wa sadaka". Kiganja kikipita kifuani: "futa, nimetengua niliyosema". Naijua kwa sababu Leuris aliileta nyumbani mwaka wake wa kwanza, akaifundisha mezani kama sala. Ikawa lugha yetu. Kwetu ukigusa sikio na mkanda, unataka maji. Ukipitisha kiganja kifuani, unaomba radhi — na wengine hapa nyumbani hawajawahi kuomba radhi kwa njia nyingine yoyote.

Jumapili, 7 Januari

Nimerudi kutoka Mji Mkuu nikiwa nimekauka koo na moyo.

Nilikwenda na Nurkis, komredi wangu wa Harakati, msichana ambaye tumelala naye sakafuni mwa ofisi ya mkuu wa chuo tukidai maji mabwenini. Papa mpaka kwenye mfupa. "Komredi," aliniambia getini, "katika mapinduzi tuko bega kwa bega. Humu ndani nakuchinja." Na uwanja mzima wa bluu ukiimba, maelfu kwa maelfu: "Jogoo wa shamba hawiki mjini! Jogoo wa shamba hawiki mjini!" Nilisimama juu ya kiti. Nilihutubia. Nikamwagiwa bia.

Tano kwa moja. Lakini si hesabu inayonikosesha raha.

Zamu ya tatu: kofia, sikio, mkanda. Kabla mrushaji hajainua mguu, mlinzi wao wa besi ya tatu alikwisha kuanza kukimbia mbele. Mpira ukamwangukia mkononi kama embe bivu. Nikasema, bahati. Zamu ya tano: vilevile. Nikasema, bahati ina miguu. Zamu ya saba sikumtazama Don Fabio wala mpira. Nilimtazama kaka yangu.

Sikio. Mkanda. Na Leuris, nyuma ya barakoa yake, akajikuna bega la kushoto kwa glavu.

Mlinzi wa besi ya tatu akakimbia mbele.

Watu wetu kumi na kitu pembeni yangu walipiga vichwa kwa mikono wakilia nuksi, kijicho, mkosi. Mzee mmoja alitoa chumvi mfukoni akairusha. Mimi nilikaa. Nurkis akanishika mkono: "Mbona umenyamaza ghafla? Unaumwa?"

Nikamwambia ni jua.

Jumatatu, 8 Januari

Siku ya mapumziko. Leuris amekuja kula. Baba, alipoona gari lake, alikumbuka ghafla kwamba ana mbuzi wa kwenda kumwangalia. Sisi hatuna mbuzi.

Nilimkuta Leuris uani, mifuko ya barafu imefungwa kwenye magoti yote mawili.

"Umewapa?" nikasema.

"Nimewapa nini, Wakili?"

Nikagusa sikio. Nikagusa mkanda. Kabla hajajibu, Mama akatoka jikoni na glasi ya maji, akaniwekea mkononi, akarudi zake. Tulitazamana. Ningecheka siku nyingine.

"Unajua kocha wao aliniuliza nini siku ya kwanza?" alisema. "Aliuliza: 'Unamjua Fabio?' Nikasema, namjua. Akasema: 'Basi.' Hilo tu. Ulidhani wamenichukua kwa magoti haya?"

"Kwa hiyo ulijikuna bega kwa kuwashwa?"

"Ercilia." Anapotumia jina langu, mzaha umekwisha. "Mtu akihama nyumba, mwenye nyumba hubadilisha kufuli. Timu zote hubadilisha. Ni kazi ya asubuhi moja! Yule mzee ameacha ufunguo chini ya zulia lilelile, halafu mnamlaumu anayejua zulia liko wapi."

"Nakulaumu wewe uliyeinua zulia."

"Mimi nina mtoto anakuja Machi." Akafungua barafu, akaitupa kwenye majani. "Kamwambie abadilishe. Wewe unaweza. Mimi nikienda, wananifukuza Mapapa jioni hiyohiyo. Kamwambie, kila mtu apumzike."

Akaondoka na chakula chake kwenye bakuli la plastiki.

Jumatano, 10 Januari

Tumefungwa tena. Manowari, tatu kwa bila. Hata goli la huruma haliko katika mchezo huu.

Alhamisi, 11 Januari

Usingizi umenikimbia, nami nimetunga nadharia.

Hoja: kilicho kichwani mwa mfanyakazi ni mali ya nani? Majogoo walimtumia kaka yangu miaka minane. Walichukua magoti yake, wakachukua vidole vyake viwili vilivyopinda, kisha wakamtoa kama gunia la vitunguu. Walipomtoa, walisahau kumtoa alichokuwa amejifunza. Kosa la nani? Mwajiri anayekutupa hana haki ya kudai ukae kimya! Maarifa ni mshahara pekee ambao hawakuweza kumpunguzia! Nimeandika kurasa mbili. Zinang'aa. Ningezisoma mbele ya Baraza la wanafunzi, wangesimama.

Halafu nikakumbuka Yeison. Mara tatu Jumapili aliweka gongo kwa upole, kama alivyoagizwa, na mara tatu alirudi benchi akizomewa na watu wake mwenyewe, asijue kwamba alikuwa amekwisha kufa kabla mpira haujarushwa. Mnyonge huyo nimemweka ukurasa wa ngapi wa nadharia yangu?

Nimezichana kurasa zile.

Jumamosi, 13 Januari

Nimekwenda.

Don Fabio alikuwa peke yake kwenye benchi la uwanja wetu, asubuhi, akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likishuka refu bila kukatika. Nilikuwa nimeandaa hoja tatu. Nilisimama kama ninavyosimama mahakama ya mazoezi.

"Don Fabio, kwa heshima zote, nakuomba ubadilishe ishara zako."

"Umetumwa na nani, binti Peguero?"

"Na macho yangu."

"Yameona nini?"

Hapo hoja ya kwanza ikafa. Ningesema nini? Nimeona bega la kaka yangu? "Nimeona," nikasema, "kwamba zimezeeka."

Alicheka mpaka chungwa likamtiririka kidevuni. "Hata mimi. Unataka nami nibadilishwe?" (Ndiyo! Tangu Novemba! Sikusema.) "Binti, mtu habadilishi namna ya kufanya ishara ya msalaba eti kwa sababu shetani anaijua."

"Shetani hachezi besi ya tatu, Don Fabio."

Akaacha kucheka. Akanionyesha benchi, nikaketi. Akanipa nusu ya chungwa.

"Wasaidizi wangu wananiambia hayohayo tangu Jumapili. Wote. Unajua nimewajibu nini? Nimewajibu: nikibadilisha leo, kesho kila gazeti, kila kinyozi, kila meza ya dhumna katika nchi hii itajua kwa nini nimebadilisha. Watasema Fabio anamwogopa Leuris. Watasema Leuris ni mwuzaji wa wenzake. Na jina hilo halifutiki, binti. Atakwenda nalo hata akicheza Meksiko, atakwenda nalo kaburini. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchuchumaa. Yule ni Jogoo. Wamemvisha bluu, sawa, mtu ale. Lakini kuniuza? Hapana." Akafuta kisu kwenye suruali. "Au wewe unajua jambo nisilolijua?"

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Wakati huo chungwa lilikuwa mdomoni mwangu, tamu kabisa, nami nikaendelea kulitafuna mpaka likawa maji, mpaka likawa si kitu.

"Hapana, Don Fabio."

Nilikwenda kumkosoa dhalimu. Nimerudi nimebeba mzigo wake.

Jumatatu, 15 Januari

Tumeshinda! Tisa kwa mbili! Mmarekani ameupiga mpira ukaruka ukuta, ukaruka na mbao za matangazo, ukaangukia ua wa mfuga kuku mmoja — kuku kwa jogoo! — na mji mzima umepiga masufuria. Baba amenikumbatia. Nimefurahi kwa kama nusu saa. Halafu nikakumbuka kwamba kila tunaposhinda, tunamsukuma Leuris karibu zaidi na kolmado.

Furaha gani hii yenye mfupa ndani?

Jumatano, 17 Januari

Tumeshinda tena. Mapapa nao wameshinda. Manowari wamekwisha kujihakikishia fainali. Nafasi iliyobaki ni moja. Jumamosi, kwenye uwanja wetu: Majogoo na Mapapa. Anayeshinda anaingia. Ni nani aliyeiandika ratiba hii? Angepelekwa mahakamani!

Leuris amepiga simu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Anabadilisha?"

"Hapana."

"Kwa nini? Ni mkaidi kiasi gani yule mzee?"

Nilifikiria kudanganya. Nikamwambia yote. Kwamba kubadilisha ni kumwita yeye mwuzaji mbele ya nchi, na Don Fabio hataki kumwita hivyo. Kwamba amesema: yule ni Jogoo.

Nilisikia watu wakicheka nyuma yake, na mtu akimwita: "We Peguero, zamu yako kwenye meza ya masaji!" Nilisema, "Leuris?" Simu ilikuwa bado hewani. Nilisema tena. Ikakatika.

Ijumaa, 19 Januari

Nurkis ametuma ujumbe wa sauti. Sauti yote ni yeye akiwika kama jogoo, kisha akikohoa kama jogoo anayechinjwa, kisha: "Sufuria liko tayari, komredi! Kesho supu!" Kwa kawaida ningemrudishia matusi ya dakika tatu, yenye utangulizi na hitimisho. Nimemwandikia: sawa.

Akapiga mara moja. "Ercilia, mtu amekufa?"

Bado.

Jumapili, 21 Januari. Asubuhi.

Taa zilizimika! Taa! Nchi hii inaweza kuukatisha hata mwisho wake yenyewe!

Zamu ya tisa, ya mwisho, nusu yake ya pili, sisi ndio tunaopiga. Nne kwa nne. Mmoja wetu amekwisha kutolewa. Na mkimbiaji wetu amesimama besi ya tatu, hatua chache kutoka besi ya nyumbani, hatua chache kutoka fainali. Yeison anatembea kwenda kupiga, gongo begani. Watu tumesimama juu ya viti, ngoma zimenyamaza zenyewe — na puu! Giza. Umeme umekatika uwanjani, umekatika mjini. Tukakaa gizani zaidi ya saa nzima, tukiwasha simu kama mishumaa ya mazishi, watu wakiitukana kampuni ya umeme, serikali, na mama zao wote kwa mpangilio. Waamuzi wakaamua: tunarudi leo, saa tisa alasiri, palepale tulipoachia. Mkimbiaji wa besi ya tatu, hapohapo. Yeison kwenye zamu yake. Leuris nyuma yake.

Jana nzima Don Fabio hakuomba sadaka hata moja. Haikuhitajika. Leo itahitajika. Mkimbiaji akiwa besi ya tatu na mpigaji akiwa Yeison, kila mtu anayemjua Don Fabio anajua atafanya nini: mkimbiaji atachomoka mpira ukiwa bado mkononi mwa mrushaji, Yeison ataugusa popote pale, na mchezo umekwisha. Isipokuwa mdakaji awe anajua. Mdakaji akijua, anaagiza mpira urushwe mbali, kando, gongo lisiufikie. Anasimama, anaudaka, anamsubiri mkimbiaji njiani. Hata hakimbii.

Leo pia ni sikukuu ya Bikira wa Altagracia. Mama amewasha mishumaa miwili: mmoja wa Majogoo, mmoja wa Leuris. Nikamwambia huo ni undumilakuwili wa kitabaka. Akaniambia nikakoroge ndizi zangu.

Leuris alilala nyumbani kwa sababu ya lile giza. Asubuhi tulikaa mezani sote wanne, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Ndizi za kuponda, salami, vitunguu. Chumvi ilikwenda na kurudi.

Baba ndiye aliyeanza. Hakuinua macho. Aligusa sikio, akagusa mkanda.

Jagi lilikuwa karibu na Leuris. Alimimina. Alimwekea Baba glasi mbele yake, akaishikilia kidogo ili isimwagike. Baba akanywa yote. Akaiweka chini. Kisha akaweka kiganja kifuani, upande wa moyo, akakipitisha polepole mpaka upande wa pili.

Mama aliinuka akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Baba hajui. Anaomba radhi kwa sababu ya jezi, kwa sababu ya kimya, kwa sababu ya mbuzi tusiye naye. Hajui chochote kuhusu bega la kushoto. Leuris alikitazama kile kiganja hata baada ya kurudi mezani. Akaniangalia mimi. Sikumpa ishara yoyote. Ningempa ipi?

"Nachelewa," akasema.

Alipofika mlangoni Baba akamwita: "Leuris. Leo nakuja."

Jumapili hiyohiyo. Uwanjani.

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, daftari liko nyumbani. Nitabandika. Mikono yangu inahitaji kazi.

Tuko upande wa besi ya tatu, safu ya nne. Baba amevaa ile jezi aliyoipiga pasi. Nyekundu, ya Majogoo, na mgongoni imeandikwa PEGUERO. Watu wanamtazama. Kijana mmoja nyuma yetu amesema: "Mzee, huyo si amehamia kwa adui?" Baba hakugeuka: "Shati halijahama."

Waamuzi wanapanga watu. Kama mchezo wa watoto: wewe ulikuwa hapa, wewe pale. Mkimbiaji wetu, besi ya tatu. Walinzi wao. Mrushaji anarusha mipira ya kupasha mkono, Leuris anaidaka. Anarudisha. Anadaka. Upande wa bluu umeanza: "Jogoo wa shamba!" Upande wetu unapiga masufuria.

Yeison anakuja. Ni mfupi kweli. Amefanya ishara ya msalaba. Amegusa udongo.

Don Fabio amesimama mbele ya benchi. Mzee, usifanye. Mwache Yeison apige! Mara moja tu katika maisha yake, mwache apige!

Mwamuzi ameinua mkono. Mchezo.

Kofia.

Leuris hamtazami mrushaji wake. Anatazama benchi letu.

Sikio.

Mkanda.

"Maji," amesema Baba, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekutana na jina la nyumbani ugenini. Ametabasamu. Kisha tabasamu limesimama. "Ercilia. Si kaka yako naye anaijua hiyo?"

Naandika.

Nasubiri kifua. Kiganja cha Don Fabio hakipiti kifuani. Amekunja mikono. Hafuti. Anamtazama Leuris moja kwa moja, uwanja mzima ukiwa katikati yao, na mlinzi wa besi ya tatu naye anamtazama Leuris, anamtazama bega.

Glavu haijagusa bega.

Leuris amechuchumaa. Magoti yale. Mkono wa kulia umeshuka katikati ya mapaja, pale vidole vinapozungumza na mrushaji. Kidole kimoja ni mpira wa kawaida. Ngumi ni mpira wa kando, na mkimbiaji wetu anafia njiani.

Mlinzi wa besi ya tatu amepiga hatua moja mbele. Amesita. Amerudi.

Baba amenishika kifundo cha mkono, maandishi yanapinda. Mrushaji anainama. Anainama zaidi. Anakaza macho kwenye mkono wa Leuris, ambao hautoi kidole wala ngumi, kama mtu aliyeletewa karatasi tupu.